Mtani Aliyetolewa Kaburini

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: aliyemtoa mtani kaburini ni mimi. Askari walimshika mikono na miguu tu. Kidole kilichowaelekeza kilikuwa changu, na kilikuwa ndani ya glavu nyeupe ya kuazima.

Aliyezikwa siku hiyo ni mdogo wangu, Kapteni Athanas, rubani wa helikopta jeshini. Alikufa vitani Kongo, alikokwenda na wenzake kulinda amani, siku aliyotumwa kuchukua majeruhi. Tulimzika kwetu Matombo, kwenye shamba la mama katikati ya migomba. Walikuja wakubwa wenye nyota mabegani, wakaja na wake zao waliovaa viatu vya visigino virefu, na visigino vikazama kwenye udongo wetu kimoja baada ya kingine. Mimi ni fundi cherehani wa Mafiga, mjini. Nilijishonea gauni jeusi lenye kola, nikaazima glavu, nikajiapiza kwamba leo hakuna mtu wa kwetu atakayenitia aibu.

Tatizo likawa Abdulswamad. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Sisi tukifiwa, wao ndio wanaokuja kuvuruga. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanataja uchoyo wake na woga wake mbele ya mama yake mzazi, na kaburi likishachimbwa mmoja wao anajitupa ndani na kugoma kutoka mpaka alipwe jogoo. Wao wakifiwa, sisi tunakwenda kuwafanyia vilevile. Mtu wa kwetu akizikwa bila hayo anakuwa kama kazikwa na wapita njia.

Basi jeneza limeshushwa begani, tarumbeta linalia, wakubwa wamesimama wima, na mara ukasikika mlio wa mtu anayeruka. Abdulswamad alikuwa ndani ya kaburi la mdogo wangu, mzee wa miaka sitini, amevaa sufuria kichwani.

"Nimetua!" akapiga kelele kutoka huko chini. "Mafuta yamekwisha! Leteni jogoo nijaze tangi!"

Watu wa Matombo wakaanza kucheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Mke wa mkubwa mmoja akanigeukia na macho ya mshangao, akaniuliza, "Huyu ni mgonjwa?" Nikaona aibu hadi masikioni. Ningeweza kumweleza kwa maneno mawili, mama wa watu angeelewa, huenda hata kwao wanao watani. Badala yake nikanyoosha kidole chenye glavu, nikawaambia vijana wa gwaride, "Mtoeni." Wakamtoa. Wakamketisha nyuma ya lori pamoja na mashada ya maua mpaka mazishi yakaisha. Alitania kutoka kule kwa dakika tano hivi, kisha akanyamaza. Athanas akazikwa kwa risasi za heshima na nidhamu, bila kicheko hata kimoja.

Siku ya kuanua matanga wazee walimwambia mama ainuke kwenye mkeka, arudi kitandani, maisha yaendelee. Mama alikataa.

"Mwanangu hajataniwa," alisema. "Msiba haujaisha."

Tukadhani ni uchungu, utapita. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Mama yetu, Rosa wa Matombo, aliyekuwa akipanda mlima na ndizi kichwani huku akiwasema waliomtangulia kwa uvivu, akawa mtu wa mkeka. Alikula kidogo akiwa pale pale. Alisali rozari pale pale. Alilala pale, kwenye sakafu ya saruji, Juni yote ya baridi ya mlimani. Nilipeleka godoro, akamlaza juu yake kuku aliyekuwa anaatamia. Pilipili manga yake ikaliwa na magugu, miguu ikawa myembamba. Ilipofika Pasaka akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jesca, mimi nitakaa hapa mpaka nimfuate." Nililia kutoka Matombo hadi Mafiga, na safari ile si fupi.

Sikumwambia nani alinyoosha kidole. Sikumwambia mtu. Wote walisema ni askari, nami nikaitikia, ndiyo, askari hawa jamani.

Mwaka ulipotimia, mjomba Laurenti akanipigia simu. "Mama yako anakwisha," akasema. "Tunafanya kumbukumbu Jumamosi. Tumemwita Abdulswamad mara mbili, hataki. Anasema aliyemfunga ndiye aje amfungue. Wewe unamjua ni nani?"

"Simjui," nikasema. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Mikese.

Abdulswamad ana kibanda cha kuziba pancha pale Mikese, kando ya barabara kuu. Nilimkuta amelala juu ya rundo la matairi, kofia usoni, mguu mmoja unaning'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Siipokei," akajibu bila kuondoa kofia. "Shikamoo za Waluguru wa mjini zina glavu."

Kumbe aliona. Nikaanza kueleza: wageni, wakubwa, heshima ya jeshi, tarumbeta. Aliniacha niseme mpaka pumzi ikaniishia.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo mtani anavyokuita apendapo, "nimelala kwenye makaburi ya ukoo wenu mara kumi na moja. Babu yako nilimlalia. Baba yako nilimlalia na akiwa hai nilimdai jogoo. Kijana wenu nilimpenda. Alikuwa akipita hapa na gari la jeshi ananipigia honi, ananiita mwizi wa misumari. Nimekuja kumsindikiza, ukanipandisha lori na maua."

"Nisamehe."

"Nisikusamehe kwa nini? Sina hasira. Nina faini." Akaketi. Macho yalikuwa yanamcheka tayari, na nikajua nimekwisha. "Jumamosi utakuja na gari. Mimi na watu wangu tutakaa mbele na kwenye viti. Wewe utakaa nyuma na ngoma. Tukifika Matombo utashuka barabarani, utabeba ngoma kichwani mpaka kwa mama yako, na kila ukikutana na mtu utatangaza kwa sauti: 'Mimi Jesca ndiye niliyemtoa mtani kaburini.' Ukinong'ona tunarudi Mikese."

"Mama atasikia!"

"Ndiyo maana ya kutangaza, mke wangu."

Jumamosi hiyo Arif, muuza vitambaa ninayemshonea mapazia, aliniazima pikapu yake na dereva. Abdulswamad akakaa mbele na miwani ya jua. Wake wa ndugu zake watatu wakajibana kiti cha nyuma na mabunda ya siri. Mimi nikakaa nje na ngoma kubwa kuliko mimi, toroli la kuchukulia matofali, na jogoo wangu mwenyewe wa faini, aliyekuwa amefungwa miguu na hakuwa na imani nami hata kidogo. Kutoka Kiroka kwenda juu barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo ngoma ilijipiga yenyewe. Watoto wa shule walitukimbilia wakicheza. Nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope nikajikuta nami natikisa mabega. Nilishindwa kujizuia, ngoma ile ilikuwa tamu.

Tuliposhuka Matombo nikawekewa ngoma kichwani. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa sista wa misheni na ndoo ya mapapai.

"Mimi Jesca ndiye niliyemtoa mtani kaburini," nikasema.

"Sauti!" akaamuru Abdulswamad.

"MIMI JESCA NDIYE NILIYEMTOA MTANI KABURINI!"

Sista akaangusha papai. Kisha akacheka, yule sista mkali asiyecheka hata Krismasi. Nikatangaza kwa wauza ndizi, nikatangaza kwa wanywaji wa kilabuni, nikamtangazia hata mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa anazungumza na simu, akamwambia aliye upande wa pili, "Subiri, kuna jambo zuri hapa." Nilivyozidi kutangaza ndivyo kifua kilivyozidi kuwa chepesi. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa na neno lile kama mfupa kooni. Nilipokata kona ya mwisho nilikuwa natangaza kwa mbwembwe, mkono kiunoni, na nyuma yangu watu wasiopungua arobaini wanaitikia.

Mama alikuwa mlangoni, kwenye mkeka. Nikasimama mbele yake na ngoma kichwani.

"Mama," nikasema, "mimi Jesca ndiye..."

"Nilikuona," mama akasema. "Glavu nyeupe kwenye migomba, nani asingeiona? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Tua ngoma ya watu, utavunja shingo."

Hakutabasamu. Alisogea tu kidogo kwenye mkeka, akageuza uso kutazama migomba. Nilitua ngoma na moyo ukaenda nayo chini. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nikikiri tu ataamka.

Uani wanawake walikuwa wanamenya ndizi za karamu. Katikati yao aliketi mwanamume mmoja mwenye gongo, anamenya vibaya kuliko wote, ganda nene, ndizi inabaki kama kidole. Huyo alikuwa Evance, aliyekuwa rubani msaidizi wa Athanas. Walikuwa pamoja siku ile, na yeye akapona. Alinipigia simu wiki iliyopita kuomba aje. Amefika tangu asubuhi kutoka Dar, amemsalimia mama, amepewa marahaba, na tangu hapo hajasema neno. Nilimwonea huruma na nikamwogopa pia. Nilihisi amekuja na kitu, sikujua ni kitu gani.

Watani hawakutupa nafasi ya kufikiri. Walitoweka nyuma ya nyumba na mabunda yao, ngoma ikaanza, na mara likatokea lile toroli likiwa limefunikwa majani ya migomba pande zote. Katikati limesimikwa fimbo ya mwanzi, na juu ya fimbo majani mawili makubwa yamefungwa msalaba. Mke wa ndugu mmoja anasukuma, wa pili anazungusha fimbo kwa mikono yote miwili, wa tatu anapiga makelele ya injini, "Tatatatatata!" Ndani yake ameketi Abdulswamad, sufuria kichwani, vifuu viwili vya nazi vimefungwa masikioni kwa kamba, shati la jeshi limepinduliwa ndani nje.

"Mikese, Mikese, naomba kutua!" akasema ndani ya mwiko. "Naona bibi mmoja mlangoni. Ni mlima au ni mtu? Ni mlima unaosali rozari!"

Watu walianguka. Nasema walianguka, mjomba Laurenti alikaa chini kabisa. Helikopta ikazunguka ua mara tatu, ikapeperusha maganda ya ndizi, ikaangusha sufuria ya chai, ikamfukuza mwenyekiti wa kijiji mpaka nyuma ya choo. Abdulswamad akaigiza mwendo wa Athanas, ule wa kutanguliza kidevu. Akatangaza kwamba shujaa huyu wa taifa akiwa na miaka tisa alipanda mfenesi akashindwa kushuka, akalia juu kule mpaka mama yake akaleta ngazi ya kanisa. Akatangaza kwamba alipofaulu urubani alituma picha kwa wasichana wanne, picha ileile, na barua ileile. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mdogo wangu alikuwa vilevile, alikuwa hivyo hasa, na kwa mwaka mzima tulikuwa tumemgeuza picha yenye utepe mweusi.

Nikamtazama mama. Alikuwa ametulia, midomo imebanwa. Abdulswamad naye alikuwa anamtazama yeye tu. Akaongeza vituko. Akashuka, akacheza, akamwita mama mchumba. Hakuna. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya sufuria.

Ndipo mama akainua mkono, na ngoma ikakoma.

"Athanas," akamwita yule mzee kwenye toroli.

Mtani anayemvaa marehemu huitika kwa jina lake. "Naam, Mama."

"Mwisho ulisema nini?"

Ningeapa Abdulswamad alikuwa na vichekesho mia vya kujibu, na hakuna hata kimoja alichothubutu kukitoa. Akavua kifuu kimoja cha sikio, akakishika mkononi. Mama alikuwa anangoja. Nilielewa wakati ule kwamba swali hilo ndilo lililomkalisha kwenye mkeka mwaka mzima, na kwamba asipojibiwa leo hatamwuliza mtu tena, wala hatainuka.

Nikasikia gongo likigonga ardhi. Evance alikuwa anavuka ua, kisu cha ndizi bado mkononi. Akasimama kando ya toroli.

"Afande," akamwambia Abdulswamad, "kiti cha rubani msaidizi kina mtu?"

Mzee akamtazama, kisha akasogea. Evance akaingia kwa shida, mguu mmoja ndani, mmoja nje, toroli likainama. Yule wa tatu akapiga injini kidogo kidogo, "tatata," kwa sauti ya chini.

"Mama," Evance akasema, "mwanao alikuwa na maringo. Siku ile tuna majeruhi saba nyuma, tunapita juu ya milima, mmoja anaogopa, anauliza mbona milima mirefu hivi. Huyu akamjibu, 'Hii? Hii kwetu Uluguru tunapandia viazi.'"

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajiziba.

"Adui wakatupiga. Mkia ukaacha kusikia amri, tukaanza kuzunguka. Akaniambia, 'Evance, acha kelele, natafuta uwanja.' Mimi sikuwa nimesema kitu, Mama, mdomo ulikuwa umekauka. Kelele zilikuwa zake. Akaona kijiji, akaona shamba, akasema hapo. Akashusha." Evance akafuta uso kwa mkono wenye kisu, tukashtuka wote. "Niseme ukweli mbele ya watu hawa. Sijawahi kuona mtu akitua vibaya namna ile. Alikosa shamba. Alitua kwenye banda la kuku."

"Banda la kuku?" mama akauliza.

"La kuku, Mama. Kuku wote wakatoka, hakufa hata mmoja. Majeruhi saba wazima. Mimi mguu huu. Yeye alibanwa kifuani. Nikamshika. Alikuwa anawatazama kuku wanavyokimbia, na bibi mwenye banda anakuja na fagio. Akaniambia, 'Mama akisikia nimetua kwenye banda la kuku, atanicheka.' Hakusema kingine."

"Huyo bibi alikasirika?" mama akauliza.

"Sana, Mama. Alinipiga fagio moja kabla hajaona damu. Baadaye alitufunika kwa kanga yake."

"Na wewe ulikaa na hayo mwaka mzima?"

"Niliona aibu kuyaleta msibani." Akakitazama kisu cha ndizi. "Yanachekesha."

Kitu kikatokea usoni mwa mama. Kilianzia kwenye pua. Mabega yakatikisika mara moja, mara ya pili, nikadhani analia, nikapiga hatua. Mama alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti yake ile ya zamani inayosikika ng'ambo ya bonde, akipiga sakafu kwa kiganja, machozi yanamtiririka hadi shingoni. "Banda la kuku!" akasema. "Serikali imemsomesha! Nje ya nchi! Banda la kuku!" Abdulswamad akaitupa sufuria juu, ngoma ikalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, Evance akaangua kilio na kicheko kwa pamoja hadi toroli likapinduka nao wote wawili wakamwagika kwenye maganda ya ndizi. Mimi nililia kwa furaha, na nilimlilia mdogo wangu kwa mara ya kwanza bila kujali nani ananitazama.

Mama alimcheka mwanawe mpaka akamaliza. Kisha akajifuta kwa pindo la kanga, akasema polepole, "Haya, baba. Nimekucheka. Nenda sasa."

Akaweka kiganja sakafuni kujaribu kuinuka, ikashindikana. Akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale.

"Jesca," akasema, "nishike mkono. Miguu imekufa ganzi."

Nikamshika, nikamvuta, na akasimama.